Siku Ishirini na Moja za Sifuri

Chwaa.

Hiyo ndiyo sauti ambayo Mzee Milimita hakuweza kuisahau: maji yakimwagwa kutoka kwenye kopo juu ya ardhi isiyoyataka. Ardhi yenye kiu haitoi sauti hiyo. Yenye kiu hunyamaza na kumeza. Siku ile maji yalianguka yakabaki juu, yakahangaika kutafuta pa kwenda, kisha yakarudi kumlowesha miguu, naye akasimama pale na kopo tupu mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango.

Miaka thelathini na sita imepita tangu hapo. Kwenye daftari la mvua la mwezi ule, kwa mwandiko wake mwenyewe, siku hiyo imeandikwa sifuri. Siku ishirini zilizoitangulia nazo zimeandikwa sifuri. Kuwa ule ulikuwa uongo hakuna aliyejua ila yeye na dada yake, na dada yake alishafariki. Ndivyo mambo yalivyokaa mpaka yule msichana wa chuo alipokuja na begi lake la mirija.

Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Milimita, tangu siku alipoulizwa na muuza vitambaa anataka kitambaa kiasi gani, naye akajibu bila kucheka, "Milimita elfu mbili." Kazi yake ilikuwa kupima mvua. Kwa miaka thelathini na minne, kila siku ifikapo saa tatu asubuhi, alifungua kijigeti cha waya, akainua faneli ya shaba, akatoa chupa iliyokuwa chini yake, akamimina maji kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, kisha akapiga goti ili jicho lilingane na maji. Alichokiona alikiandika kwa penseli kwenye kidaftari cha mfukoni. Mwisho wa mwezi alinakili yote kwa wino kwenye daftari kubwa lililokwenda makao makuu.

Watu walimtania. Mvua ikichelewa, wanawake waliopita na ndoo walimpigia kelele juu ya ua: "Milimita, umeificha wapi mvua yetu? Fungua chupa bwana!" Ikizidi, fundi viatu wa jirani alitoa kichwa dirishani: "Punguza basi! Kitanda changu kinaogelea!" Yeye aliwajibu lile lile siku zote. "Mimi naipokea tu. Siiti, sifukuzi."

Aliyemfundisha kazi alikuwa mkaguzi wa vituo, mtu mnene aliyekuja mara mbili kwa mwaka akihema. Siku ya kwanza kabisa alimfungulia ukurasa mtupu.

"Sikiliza, kijana. Ukiangalia ukakuta pakavu, andika sifuri. Usipoangalia, iwe ni ugonjwa, iwe ni msiba, iwe umelewa, andika kistari. Sifuri ni neno la aliyeshuhudia. Kistari ni neno la asiyekuwepo. Usivichanganye hata siku moja. Mtu atakayesoma daftari hili baada ya miaka hamsini hatakujua wewe wala shida zako. Atakuamini tu."

"Na vistari vikiwa vingi?"

"Nitakuuliza kwa nini." Mkaguzi alijifuta shingo. "Ila usiogope. Pengo si dhambi."

Lakini kijana aliogopa. Katika miaka yake saba ya kwanza hakuandika kistari hata kimoja. Hakukatazwa na mtu; alijikataza mwenyewe. Aliwahi kwenda kupima akitetemeka kwa homa, amejifunga blanketi, na maji yakimchezacheza kwenye gilasi hata asijue anatetemeka yeye au yanatetemeka yenyewe. Mkaguzi akaanza kukitaja kituo chake kwa wengine: kituo kisicho na pengo. Sifa ile ilimwingia polepole, kama unyevu unavyoingia kwenye msingi wa nyumba. Huoni siku ulipoanza.

Mkewe aliyacheka yote hayo. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na hatua fupi fupi, na kipimamvua alikiita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu kaamkaje? Kashiba?" Siku za mvua alimfuata mumewe uani na mwavuli mweusi uliovunjika ubavu mmoja, akimkinga kichwa, naye mume alikuja juu.

"Ondoa mwavuli! Unadondosha maji kwenye faneli, unaniharibia kipimo!"

"Namkinga mume wangu. Na mvua yako sina shida."

"Rudi nyuma hatua mbili."

"Milimita ngapi hizo?"

Alifariki mwaka wa nane wa kazi ya mumewe, akiwa na mimba ya miezi saba, akamwacha binti wa miaka minne.

Binti huyo sasa ana miaka arobaini, ni mwoka mikate, na baba yake anaishi naye katika vyumba viwili nyuma ya tanuri. Huingia kazini alfajiri na kutoka alasiri, unga ungali kwenye nyusi. Ana ulimi wa mama yake. Akimwona baba anabakiza chakula husema, "Sahani imepungua milimita mbili tu, baba, andika." Kituo kilifungwa baba alipostaafu. Mahali pake paliwekwa mtambo unaojipimia wenyewe, ukafanya kazi mwaka mmoja ukanyamaza. Gilasi ya kupimia ilibaki kabatini, imefungwa kwenye taulo, na pembeni yake cheti cha sifa kutoka makao makuu, kilichotolewa kwa kituo kisicho na pengo.

Vya mama yake, binti alikuwa na vitu viwili: ule mwavuli, na kumbukumbu moja. Kumbukumbu yenyewe ni miguu. Miguu ya watu wengi ikiingia nyumbani kwa shangazi yake, na tope. Tope vifundoni, tope sakafuni, na shangazi akilikwangua kwa kisu huku analia. Alipokuwa msichana alimweleza baba. Baba alijibu akitazama pembeni.

"Hilo ni la mwaka mwingine, mwanangu. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Mama yako aliondoka kwa homa ya kiangazi. Unachanganya."

Na kwa kuwa baba alikuwa mtu aliyejua mvua ya kila siku ya kila mwaka, mtoto aliliamini daftari akaacha kuyaamini macho yake. Hakulitaja tena lile tope, wala hakulifuta. Lilikaa tu, halina mwaka.

Msichana wa chuo alifika Jumanne alasiri, viatu vimejaa vumbi.

"Shikamoo babu. Nimezunguka mtaa mzima nikiuliza jina lililo kwenye daftari. Hakuna anayelijua."

"Marahaba. Ungeuliza Milimita."

"Ndivyo nilivyoambiwa mwishoni. Na wakacheka."

Alikaribishwa kiti, akapewa maji na mkate wa moto, kisha akafungua begi na kupanga mirija tisa mezani, mirija ya karatasi kama ya kunywea soda, iliyopasuliwa upande mmoja. Ndani ya kila mmoja mlikuwa na kijiti cha mti, chembamba kuliko penseli. Alieleza kuwa alivitoa kwenye miti mikongwe ya ukingo wa juu wa mto, kwa keekee jembamba linaloingia kutoka gomeni hadi moyoni bila kuua mti. Kila mwaka mti huongeza pete moja. Mwaka wa mvua pete hunenepa, mwaka wa ukame hukonda. Mingine ya miti ile ilikuwa na miaka mia tatu.

Mzee aliinua mrija mmoja akausogeza karibu na jicho, kwa namna ile ile aliyoshika gilasi maisha yake yote.

"Kwa hiyo mti nao unaandika."

"Unaandika babu, ila hauandiki milimita. Unasema tu, mwaka huu nilikunywa, mwaka huu sikunywa. Tumechota na tope la chini ya ziwa, tabaka kwa tabaka, nalo lina lugha yake. Sasa, ili nijue pete ya upana huu ni mvua kiasi gani, namhitaji mtu aliyekuwa akipima wakati mti unaandika. Nimepekua madaftari ya vituo vyote vya huku. Yamejaa vistari, mengine yameliwa na mchwa. Lako halina pengo hata moja! Sisi kule tunaliita kamusi."

"Umesikia baba?" binti alisema akisimama mlangoni na taulo begani. "Umekuwa kamusi. Mimi nilidhani umekuwa mzee tu."

Msichana alicheka, kisha akakaza uso. Alieleza kuwa pete zikishajulikana maana, wangeweza kurudi nyuma miaka mia tatu: ukame mkubwa ulikuja lini, ulikaa miaka mingapi, ulipumzika miaka mingapi kabla ya kurudi. Kuna watu wanangoja majibu hayo wachimbe mabwawa. Bwawa hupimwa kwa ukame mbaya kuliko wote uliowahi kuja. Kamusi ikikosea neno moja, miaka yote mia tatu itasomwa kombo.

"Kuna mwaka mmoja tu ulionisumbua," alisema, akafungua nakala ya daftari.

Mzee alijua ni upi kabla karatasi haijafunuliwa.

"Mwaka wako wa nane. Daftari linasema ndio mkavu kuliko yote. Katikati kabisa ya msimu wa mvua, siku ishirini na moja za sifuri mfululizo. Lakini tazama miti." Alisukuma mrija mbele yake, ukucha wake juu ya pete moja. "Imenenepa. Yote tisa."

"Kituo cha ng'ambo ya mto kinasemaje?"

"Kina vistari mwezi mzima. Hakuna anayejua kwa nini."

Yeye alijua. Mpimaji wa ng'ambo alikuwa amekatiwa njia na maji, hakuweza kukifikia kituo chake. Akaandika kistari kama alivyofundishwa, bila kuona aibu.

"Basi nimeamua, babu. Mti unaweza kuwa ulipata maji ya chini kwa chini. Mti unaweza kudanganya. Wewe ulikuwepo, ulipiga goti ukaangalia. Naufuata mkono wako." Akaikusanya mirija yote tisa, akaifunga mpira, akaiweka upande wa pili wa begi. "Hii haitaingia kwenye hesabu; nitabaki na lile tope la ziwa. Ijumaa nitaleta karatasi ya kuthibitisha, utie sahihi tu, kazi ianze."

Miti tisa, yenye umri mkubwa kuliko nyumba zote za mtaa ule, ikafungwa mpira kwa kosa la kusema kweli.

Jumatano binti aliwatangazia wateja wote dirishani kuwa baba yake sasa ni kamusi. Fundi viatu, naye mzee tayari, alikuja kwa fimbo kumtania. "Kamusi, hebu nitafutie maana ya neno 'soli'!" Mzee Milimita alitabasamu kwa mdomo tu. Mchana hakula. Binti hakutania kuhusu sahani.

Alikuwa anapiga hesabu, mzee. Kutia sahihi kulikuwa rahisi kuliko yote: mkono unajua njia. Lakini kila alipofumba macho aliona watu asiowajua wakichimba bwawa kwa kipimo cha uongo wake, na miti ile ikipumua ndani ya mpira. Akatafuta njia ya katikati, na Alhamisi akaipata. Angesema kuwa mwezi ule alikuwa msibani. Hakupima, na kwa kuchanganyikiwa akaandika sifuri badala ya kistari. Miti ingefunguliwa. Kamusi ingepata mapengo machache, na pengo si dhambi. Na binti yake asingeambiwa lolote zaidi.

Njia ile ilikuwa na kasoro moja tu. Ilikuwa kweli kwa siku ishirini, na siku zilikuwa ishirini na moja.

Ijumaa msichana alikuja mapema kuliko alivyosema. Binti alikuwa amevua aproni, amevaa gauni la kutokea, kana kwamba baba anafungishwa ndoa. Karatasi iliwekwa mezani. *Nathibitisha kuwa vipimo vyote vilivyo katika madaftari haya nilivipima mwenyewe.* Kalamu ikawekwa juu yake.

Mzee hakuigusa.

"Mjukuu wangu, toa ule mpira."

"Mpira gani, babu?"

"Wa miti. Miti haidanganyi." "Mwezi ule, kuanzia tarehe kumi mpaka ishirini na tisa, sikupima. Nilikuwa na msiba. Mvua ilinyesha, kiasi gani sijui. Niliandika sifuri pasipostahili. Weka vistari."

Msichana alibaki ameshika begi. Kisha, taratibu, aliitoa mirija na kuvuta mpira. Hakumlaumu. Alitoa penseli, akaanza kufuata safu kwa ncha yake, akinong'ona tarehe, kistari, tarehe, kistari. Alikuwa mtu wa kazi yake, na mtu wa kazi yake haruki mstari.

"Na tarehe tisa, babu? Sifuri zinaanzia tarehe tisa."

"Tarehe tisa ndiyo aliyofariki mama," binti alisema. Alisema kama anayemsaidia baba kukumbuka. Kisha akageuka. "Baba. Umesema mvua ilinyesha?"

Tanuri lilikuwa limezimwa, bati lake likipoa na kulia ti, ti, ti nyuma ya ukuta.

"Ilinyesha," mzee alisema.

Akawaeleza. Alieleza kwa mpangilio, kama anayesoma kidaftari, kwa sababu asingeweza kwa namna nyingine.

Mvua ilikuwa imeanza tangu jana yake, mvua ambayo hakuwahi kuiona mfano wake. Saa kumi na mbili asubuhi mkewe alimwambia anaona damu. Haikuwa nyingi. Alikimbia hadi kwa dereva wa pikapu ya zahanati, na saa moja gari lilikuwa mlangoni, injini ikinguruma. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mto, na kwenye mto palikuwa na daraja la zege la chini, lile lisilo na kingo. Mtoto akapelekwa kwa shangazi. Kila kitu kilikuwa tayari.

Naye akatazama saa, akatazama uani. Ile ilikuwa mvua kubwa kuliko zote tangu aanze kazi. Ikipimwa saa moja, si kipimo. Isipopimwa, ni kistari, kistari cha kwanza, siku ya mvua kubwa kuliko zote. Akamwambia dereva, tungoje saa tatu, nipime, tuondoke. Dereva alisema, "Bwana, kwa mvua hii, twende." Akamgeukia mkewe, amelala juu ya godoro nyuma ya pikapu chini ya turubai. Kama mkewe angekasirika, angekwenda. Hilo alilijua hakika.

Mkewe hakukasirika. Alicheka, amejishika tumbo. "Nenda kapime. Mimi siendi popote. Mwambie mke mwenzangu, leo amenishinda."

Saa tatu kamili alikwenda, akapima, akaandika kwa penseli. Saa tatu na nusu walifika mtoni. Daraja halikuonekana. Watu waliosimama ukingoni, wamejifunika magunia, walisema lilikuwa limezama muda si mrefu, na mmoja wao, bila ubaya wowote, akasema, "Mngekuja saa mbili mngepita."

Walingoja pale mpaka saa kumi. Mkewe ndiye aliyeondoka kwanza, halafu mtoto aliyekuwa tumboni. Walimzika kwenye mvua, kwa watu wake upande huu wa mto, na yeye akakaa matangani, na kila siku ilinyesha. Aliporudi tarehe ishirini na tisa alikwenda uani saa tatu, miguu ikijipeleka yenyewe. Chupa ilikuwa imejaa. Kopo la nje, linalopokea kinachofurika kwenye chupa, limejaa hadi ukingoni. Angeweza hata hapo kupima jumla yake, kanuni iliruhusu. Aliyamwaga chini, na ardhi ikayakataa.

"Mwisho wa mwezi nikakaa na kalamu," mzee alisema. "Nikiandika mvua ile, kila atakayesoma ataona kuwa mto ulijaa. Atahesabu saa. Nikiandika vistari, mkaguzi ataniuliza kwa nini, nami nitamwambia. Nikaandika kwamba haikunyesha. Kidaftari cha penseli nikakitia motoni. Kama haikunyesha, mto haukujaa. Na kama mto haukujaa..."

Mkono wake ulikuwa umeinuka mezani, vidole vimekunjwa kama vimeshika gilasi, na hapakuwa na gilasi.

"Mkaguzi alikuja kunipa pole. Akafungua daftari akasema, 'Hata msibani hukuacha kupima.' Akanipigia debe, nikaletewa kile cheti."

Msichana wa chuo alikuwa anaitazama penseli yake. Binti alikuwa bado amesimama. Gauni lake la kutokea lilikuwa na kifungo kimoja kisicholingana na vingine, naye alikuwa anakizungusha, anakizungusha.

"Kwa hiyo lilikuwa tope," alisema.

"Lilikuwa tope."

"Shangazi alikuwa anakwangua tope. Siku ya mama."

"Ndiyo, mwanangu."

"Sikuchanganya."

"Hukuchanganya. Mimi ndiye niliyekuchanganya."

Alikaa, mwishowe, kwenye kiti kilicho mbali na baba yake. Machozi yalimtoka bila sauti na kufanya njia kwenye unga uliobaki shavuni. Miaka thelathini na sita alikuwa na kipande kimoja cha siku ya mama yake, na alikuwa amenyang'anywa na mtu aliyempenda kuliko wote. Sasa kimerudishwa, na pamoja nacho zimekuja saa mbili ambazo hakuziomba.

"Saa mbili, baba," alisema. "Saa mbili tu."

Msichana wa chuo alikohoa kidogo. Aliongea kwa upole wa mtu aliye msibani bila kutarajia. "Babu, kidaftari kimeungua, na ni zamani sana. Naweza kuweka kistari hata hapo kwenye tarehe tisa. Si neno. Miti itatosha."

"Hapana," binti alisema.

Wote wawili walimtazama. Alijifuta uso kwa kiganja, akamtazama baba yake kwa mara ya kwanza tangu aanze kusimulia. Macho yake hayakuwa na msamaha bado. Hayakuwa na chuki pia.

"Kistari ni cha asiyekuwepo. Umenifundisha mwenyewe. Wewe siku hiyo ulikuwepo, baba, ukapima. Mama alingoja upime. Iandikwe basi. Ilikuwa ngapi?"

Penseli ya msichana ilisimama juu ya sifuri ya tarehe tisa. Nyuma ya ukuta bati la tanuri lilikuwa limeacha kulia.

Mzee Milimita alitelemka kwenye kiti. Polepole, akishika ukingo wa meza, alipiga goti moja sakafuni, mpaka jicho lake likalingana na mkono wake uliokunjwa hewani. Siku ile alikuwa ameijaza gilasi mara nane, hadi mstari wa juu wa milimita kumi, na ya tisa haikujaa. Maji yalitulia mbele ya jicho lake, na nje, chini ya turubai, kulikuwa na mtu anayemngoja akicheka.

"Themanini na saba," alisema, kwa sauti ambayo ilibidi wainame kuisikia, "nukta nne."